Mnyororo Uliofunikwa Gunia

Vidna: Haloo? Nani mwenzangu?

Vukota: Mimi, mama.

Vidna: Mimi nani? Sema kwa nguvu, simu inakwaruza.

Vukota: Vukota, mwanao. Kwani unao wangapi?

Vidna: Ninaye mmoja, na huyo hupiga Jumapili. Leo si Jumapili. Nani anaumwa?

Vukota: Hakuna anayeumwa. Shikamoo, mama.

Vidna: Marahaba. Watoto wazima?

Vukota: Wazima. Ulrike anakusalimu. Mbona nasikia kuku?

Vidna: Nimesimama nyuma ya banda lao. Mtandao wenyewe unapatikana hapa tu. Baba yako yuko mbele ya nyumba, ananoa mundu.

Vukota: Afadhali, asitusikie kwanza. Mama, kaa chini nikwambie.

Vidna: Nikae juu ya nini, juu ya jogoo? Sema tu.

Vukota: Tunakuja.

[kimya]

Vukota: Mama? Upo?

Vidna: Nipo. Mnakuja wapi?

Vukota: Wapi tena, nyumbani. Tunalala kwenu usiku mmoja, asubuhi tunapanda wote mlimani, kwenye kijumba chetu. Mwezi mzima, mama. Jana bosi alitia saini likizo. Mimi nilishaamua tangu majira ya baridi, nikanyamaza makusudi. Nilitaka niwashtukize.

Vidna: Tangu majira ya baridi.

Vukota: Ndiyo. Krismasi baba aliponiuliza kama tutakuja, nikamjibu "tutaona", vilevile kama miaka yote. Kumbe moyoni nacheka.

Vidna: Ukamjibu tutaona.

Vukota: Si ndiyo nakwambia. Sasa sikiliza, nimeshapanga malazi. Wewe na baba mahali penu karibu na moto. Mimi na Ulrike chini ya dirisha. Watoto darini, kwenye nyasi kavu, pale bibi alipokuwa akinilaza mimi. Pavle tumemnunulia viatu vya mlimani, analala navyo, nakuapia. Mama yake anamvua akishasinzia —

Vidna: Vukota —

Vukota: — na Neda kila siku anauliza kama ng'ombe wa huko wana majina. Nikamwambia bibi yako atakufundisha kukamua, utalamba malai mpaka —

Vidna: Njia imeharibika mwaka huu.

Vukota: Ilikuwa nzuri lini? Tutapanda kwa miguu.

Vidna: Theluji ilikaa sana.

Vukota: Tunakuja sikukuu ya Mtakatifu Petro, mama. Julai hiyo. Theluji gani?

Vidna: Kiuno changu nacho, mwanangu.

Vukota: Utapanda farasi wa Radosh, kama mwaka ule. Jirani gani atakunyima farasi? Nitampigia mwenyewe leo hii.

Vidna: Usimpigie Radosh.

[mkwaruzo]

Vukota: Mmegombana?

Vidna: Hatujagombana. Yuko juu mlimani, ameshahamia na kondoo.

Vukota: Sasa je? Awe kwake, sisi kwetu. Si tumepakana naye tangu enzi za babu?

Vidna: Hayuko kwake.

Vukota: Mama, sema.

Vidna: Baba yako ameuteremsha mnyororo.

Vukota: Mnyororo gani?

Vidna: Tunao mwingine? Ule wa juu ya moto, wa kuning'inizia sufuria. Theluji ilipoanza tu kuyeyuka, akaondoka alfajiri, hakuniaga. Jioni namwona anashuka kule kwenye misonobari, ameuvaa shingoni kama farasi aliyefungwa mkokoteni. Akanipita pale mlangoni, hakunitazama.

Vukota: Lakini mnyororo ule mtu haushushi mpaka —

Vidna: Mpaka awe ameifunga nyumba ya mlimani moja kwa moja. Ndiyo, mwanangu. Ameifunga.

Vukota: Kwa nini? Nani kamwambia?

Vidna: Hakuambiwa na mtu. Alikusikia Krismasi. Akakaa na lile neno lako majira yote ya baridi, huku anatia kuni jikoni. Pasaka, watu wanatoka kanisani, akamwita Radosh mbele ya wote, akampa mkono kwamba kijumba ni chake. Akasema, wangu wa Austria hawaji tena, mimi namtunzia nani? Afadhali pale juu moto uwake, hata kama ni wa mtu mwingine.

Vukota: Nitaongea na Radosh. Ni mtu mwema, atatuelewa. Akiniambia bei —

Vidna: Bei ya nini? Hakununua. Alipewa mkono. Hata hivyo yeye mwenyewe alinijia hapa, kofia mkononi, akaniuliza, mama Vidna, mna hakika? Nikamwambia kamuulize aliyekupa mkono. Akamuuliza. Baba yako akamfukuza, akasema unanidhania mtoto? Basi siku ya Mtakatifu Joji mke wa Radosh akapachika mnyororo wake, akawasha moto. Pale si petu tena, Vukota. Paa la upande wa dirisha wameliezua, wamefanya zizi.

Vukota: Upande wa dirisha.

Vidna: Ndiyo.

[mkwaruzo]

Vukota: Basi. Basi, sawa. Tutakuja tukae hapo chini na nyinyi. Watoto tutawaambia —

Vidna: Msije.

Vukota: Unasemaje?

Vidna: Nisamehe mimi mama yako. Msije mwaka huu.

Vukota: Mama, unanikataza kuja nyumbani?

Vidna: Wewe hujamwona. Mnyororo kauweka banda la kuni, kaufunika gunia. Akidhani nimelala, anakwenda kuupaka mafuta. Akikutana na mtu njiani, hata hajaulizwa, anasema, wangu wasingekuja, nimefanya vizuri. Kila siku. Ndicho kinachomwinua kitandani hicho. Sasa wewe uingie hapa na watoto, na viatu vya mlimani miguuni. Atashikilia nini tena?

Vukota: Mimi ndiye niliyekosea. Nitamwambia nilikuwa nataka kumfurahisha.

Vidna: Ukimwambia hivyo ndiyo umemmaliza.

Vukota: Na Pavle nimwambie nini?

Vidna: Sijui.

Vukota: Mama, kale katoto —

Vidna: Sijui, mwanangu. Ningejua ningekwambia. Mimi nimesimama tu hapa na — ngoja. Mundu umenyamaza. Anakuja.

Vukota: Usimpe simu.

Vidna: Ameshaniona. Vukota, nakuomba —

Krsto: [kwa mbali] Unaongea na nani huko, na hao kuku?

Vidna: Na Vukota. Anatusalimu. Haya, shika.

Vukota: Mama, usi—

Krsto: Haloo.

Vukota: Shikamoo, baba.

Krsto: Marahaba. Leo si Jumapili.

Vukota: Nimepata nafasi kidogo kazini.

Krsto: Mama yako kasimama hapa mpaka kuku wamemzoea. Kuna nini?

Vukota: Hakuna kitu. Nilikuwa namwambia ... Nilikuwa namwambia mwaka huu hatuji. Nimenyimwa likizo.

[mkwaruzo]

Krsto: Sijasikia. Rudia.

Vukota: Hatuji, baba. Nimenyimwa likizo.

Krsto: Aa. Nilijua. Vidna, umesikia? Hawaji. Si nilikwambia?

Vidna: [kwa mbali] Uliniambia.

Krsto: Nilimwambia, na watu wote niliwaambia. Wewe usijali, mwanangu. Kazi ni kazi, huwezi kuitupa.

Vukota: Kijumba kinaendeleaje?

Krsto: Kipo. Kitakwenda wapi?

Vukota: Vizuri.

Krsto: Mnyororo nimeupaka mafuta majuzi, usije ukashika kutu.

Vukota: Asante, baba. Labda mwakani tutakuja.

Krsto: Tutaona.

Vukota: Ndiyo. Salio linaisha, baba, nikuache —

Krsto: Ngoja kidogo. Yule mdogo, Pavle. Ana viatu vya mlimani?

[kimya]

Krsto: Haloo?

Vukota: Nipo. Hana.

Krsto: Basi usimnunulie sasa. Mguu wa mtoto hautulii. Vitambana hata hajavitia vumbi.

Vukota: Sawa, baba. Sitamnunulia.

Krsto: Haya kata, utamaliza salio. Wasali—

[simu imekatika]