Mama Kamera, Aliyekutanisha Watu Wote Isipokuwa Ndugu Zake

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza, walio nyuma wasogee kidogo wasikie, maana historia hii inasomwa mara moja tu. Inasomwa na mume wa marehemu, mshonaji, ambaye familia ilimwomba amwachie mpwa mwenye sauti nzuri na miwani mipya, akakataa, na sababu ya kukataa itajulikana kabla karatasi hazijaisha. Kwa kuwa historia za namna hii humtaja kila mtu kwa mbali, mshonaji naye atajitaja kwa mbali, kana kwamba anayezungumziwa ni mtu mwingine, na akiteleza mtamsamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, kaka yake mkubwa akiwa ni huyu makanika aliyekaa upande wa dirishani, na mdogo wake akiwa ni huyu mwalimu wa hesabu aliyekaa upande wa mlangoni, na kati yao, kama mnavyoona wenyewe, kuna waombolezaji wengine wote. Kuzaliwa katikati kulimpa mapema kazi ya kupeleka maneno, kwani wavulana hao walipokosana kwa ajili ya mpira wa matambara alitumwa yeye, "Kamwambie arudishe," "Kamwambie siurudishi," akaenda na kurudi mpaka miguu ikamuuma, na siku moja akaketi kizingitini akalia kwa hasira, huku wenyewe wameshapatana zamani na wanacheza. Mama yao alikuwa akisema wagombanao ndio wapatanao, na marehemu akaiamini methali hiyo kuliko ilivyostahili.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, ambako hakung'ara katika masomo, ila alikaa benchi moja na wasichana watatu walioapa pamoja naye kwamba hawataachana hadi kufa, wakaachana mwezi uleule matokeo yalipotoka. Januari 1976 aliajiriwa katika studio ya picha iliyokuwa juu ya duka la viatu, akianza kwa kuosha sinia za dawa za kusafishia picha na kukunja pazia lililochorwa mlima, na mwaka 1979 akaanza kupiga picha mwenyewe. Hapo ndipo alipofika mshonaji mwaka uliofuata, akitaka picha ndogo ya kitambulisho, akaambiwa ainue kidevu, akaambiwa akishushe, akaambiwa akiinue tena, mwisho mpiga picha akamwuliza, "Kaka, umekuja kupigwa picha au kuhukumiwa?" Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1981, wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa sasa ni muuguzi na mdogo ni dereva wa malori, na wote wawili wamewahi kupotea na kupatikana katika filamu za mama yao mara nyingi kuliko watoto wowote mtaani.

Kuhusu filamu, ni lazima isemwe wazi, ingawa leo ni siku ya heshima, kwamba marehemu alikuwa na ugonjwa wa filamu za watu kukutana. Mwaka 1992 alinunua kamera ya video na kuanza kurekodi harusi, jina la Mama Kamera likamganda, na pesa za harusi zikaishia kwenye kanda za filamu za kukodi, lakini si filamu za ngumi wala za vichekesho, bali za ndugu waliopoteana, marafiki wa shule wanaokutana wakiwa na mvi, baba anayegonga mlango baada ya miaka ishirini. Alipofika mahali mlango unapofunguliwa, alikuwa akimshika mumewe mkono na kusema, "Ona, ona, sasa hivi!" na chakula kikaungua jikoni mara zisizo na idadi. Mshonaji alijaribu kumweleza kwamba mambo hayaendi hivyo, kwamba mtu aliyetoweka miaka ishirini akirudi huulizwa kwanza alikuwa wapi mama alipougua na ni nani alikuwa akinunua dawa, wala hakuna muziki unaolia, na jibu alilopewa lilikuwa moja tu, "Wewe shona, machozi niachie mimi."

Filamu yake mwenyewe ya kwanza, iliyoitwa *Benchi Letu la Nyuma*, aliitengeneza mwaka 1998, akiwatafuta wale wasichana watatu mpaka akawapata, sasa ni kina mama wazima, ili waigize kukutana kwao, nao wakakutana kweli, wakakumbatiana vizuri sana, na kabla chai haijapoa wakawa wanagombana ni nani alikuwa wa kwanza darasani. Marehemu alikata kipande hicho, akabakiza kukumbatiana, watu wakalia ukumbini, naye akarudi nyumbani akiwa na furaha ambayo mumewe hakuwa na moyo wa kuiharibu.

Sasa tunafika kwenye friji, na wazee wa familia wameshaanza kukohoa, lakini historia ya marehemu bila friji ni uongo. Desemba 2005 marehemu aliandaa mkutano wa ukoo mzima nyumbani kwa mama yao, filamu hasa aliyokuwa akiiota, safari hii bila waigizaji, watu wenyewe na machozi yao wenyewe. Makanika, kwa mapenzi yake kwa mama, alikuwa amelifufua friji la zamani, na mwalimu, kwa mapenzi yaleyale, akaleta friji jipya wiki hiyohiyo bila kumwuliza mtu, na mama, kwa kuogopa kumwudhi yeyote, akayawasha yote mawili jikoni kwake, moja likiungurumia lingine. Nyama na samaki wa wageni, walionunuliwa na makanika, waliwekwa kwenye friji jipya jioni ya tarehe 27, wakati wa joto kali, na kesho yake mchana mama alipofungua, friji linaunguruma kama kawaida, harufu ikamrudisha nyuma hadi ukutani.

Makanika alisema friji la mwalimu ni bovu, limenunuliwa kwa sifa. Mwalimu akasema friji ni zima, ila kuna mtu mwenye wivu alilichomoa usiku na kulirudisha asubuhi, na anamjua. Wageni walikula mkate mkavu, na ndugu hao wawili wakatoka kwenye friji wakaingia kwenye mambo mengine, nani alisomeshwa na nani hakusomeshwa, nani anaishi karibu na mama na nani anakuja na zawadi tu, wakaambiana maneno ambayo hayatasomwa hapa, na marehemu alikuwa amesimama kati yao na kamera begani, inarekodi. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Mama yao aliugua wakipokezana, akafariki mwaka 2011 wakipokezana, na katika mazishi yake mmoja alifika kaburini mwenzake alipokwisha kuondoka.

Tangu mkasa ule wa friji marehemu hakutengeneza tena filamu za marafiki, ni za ndugu tu, karibu kila mwaka moja, na mshonaji akawa anashona makoti ya ndugu wanaorudi, magauni ya dada wanaosamehe, suruali za baba wanaogonga milango, hadi akachoka kabisa na watu wanaorudi. Mwaka 2012 marehemu alikuja na filamu aliyoiita *Sahani ya Ziada*, ya kaka wawili waliokosana na kupatana, na akataka makanika na mwalimu waigize wenyewe. Alimwendea kila mmoja peke yake, akamwambia mwenzake atachezwa na mtu mwingine, jambo ambalo lilikuwa kweli, maana mtu huyo mwingine alikuwa mshonaji. Siku ya kwanza mshonaji alivaa koti la mwalimu, likabanwa kwa pini mgongoni aonekane mwembamba, akakumbatiwa na makanika. Siku ya pili alivaa koti la makanika, lililojazwa sponji mabegani, akakumbatiwa na mwalimu. Kamera ikachukua nyuso za hao wawili na mgongo wa mshonaji, kisha marehemu akaunganisha, na katika filamu ndugu hao wanakumbatiana kwenye kituo cha treni hata wewe unayejua ukweli unatafuta leso.

Mnapaswa kujua kwamba makanika, akiwa amemkumbatia mshonaji, alimnong'oneza, "Mwambie yule mjinga friji lake lilikuwa bovu," na kesho yake mwalimu naye akamnong'oneza, "Aseme tu kwamba alilichomoa, yaishe." Lakini mnapaswa kujua na hili, ambalo mshonaji hajawahi kumwambia yeyote kati yao, kwamba marehemu aliposema imetosha, hakuna aliyeachia. Makanika alikawia mpaka shingo ya koti ikalowa, na mwalimu alishika kitambaa kwa nguvu hata mshono wa bega ukaachia. Mshonaji alirudi nyumbani na koti lililochanika, amekasirika, kwa sababu mapenzi yale yote yalikuwa ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa akiishi vituo vitatu tu vya basi kutoka pale.

Ugonjwa wa marehemu ulianza Oktoba 2021, miguu ikivimba na pumzi ikimpungukia ngazini, na madaktari wakaeleza kwamba ni moyo uliopanuka. Alitibiwa akiwa nyumbani hadi tarehe 16 Januari 2023 alipolazwa, na ndugu zake, kwa hili wapewe sifa yao, hawakukosa hata siku moja, makanika asubuhi na mwalimu jioni, na ikitokea mmoja amechelewa kutoka, mwenzake alikaa nje kwenye jua akisubiri, mpaka muuguzi mmoja akamwuliza mshonaji kama hao wanadaiana.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, wa asubuhi ameshaondoka na wa jioni hajafika, marehemu alimwambia mumewe, "Lile friji nililichomoa mimi." Mshonaji alifikiri ni dawa zinazosema. Akaendelea, "Betri ya kamera ilikuwa imekwisha, na soketi zote zina friji. Nikachomoa la mwalimu, waya wake ulikuwa karibu. Nikasema nitalirudisha baada ya saa moja, nikapitiwa na usingizi. Asubuhi nikalirudisha, sikujua kama kumeharibika kitu." Alitaka kusema palepale jikoni, lakini kila alipofungua mdomo walikuwa wameshaambiana jambo kubwa kuliko friji, na mama analia, akaogopa kwamba wote watamgeukia yeye. "Kila mwaka nilijiambia mwaka huu nasema," alieleza, "halafu naishia kutengeneza filamu nyingine."

Katika ndoa ya miaka arobaini na moja mshonaji hakuwahi kumkasirikia mkewe namna ile. Alisimama, akakaa, akasimama tena, akamwambia, "Miaka kumi na saba! Mimi nakumbatiwa na wanaume wazima kwa ajili ya betri?" Naye marehemu akacheka, akacheka mpaka muuguzi akaja mbio, maana mgonjwa wa moyo hatakiwi kuchekeshwa, na aliyefukuzwa wodini ni mshonaji.

Aliporuhusiwa kurudi alitaka kuwapigia simu mashemeji zake saa hiyohiyo, mkewe akamzuia, akasema, "Ukimwambia mmoja kwanza, atakwenda kumringia mwenzake. Waambie wakiwa pamoja." Mshonaji akamwuliza, kwa ukali, ni lini amewahi kuwaona pamoja, na watakuwa pamoja lini. Marehemu alimtazama, akamnyoosha kola ya shati, na mshonaji akatamani sana angelirudisha swali lile mdomoni. Marehemu aliaga dunia tarehe 9 Februari 2023, saa nane mchana, akiwa na mabinti zake wote wawili.

Hivyo, mashemeji, leo mko pamoja. Friji la mwalimu lilikuwa zima, na makanika hakuligusa, mkono uliolichomoa ni wa dada yenu, na hakuwa na nia mbaya, alitaka kuwapiga picha mkipendana. Mnayo haki ya kukasirika, tena sana, mshonaji hawazuii, ila hasira hiyo ni yenu wawili, na katika dunia nzima hakuna mwingine wa kuielewa sawasawa. Aliyekosa hagombwi tena. Yale mengine mliyoambiana jikoni hayakuwa ya friji, hayo ni yenu, kayazungumzeni wenyewe, kwa midomo yenu, kabla watoto wenu hawajayarithi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo kwa subira yao, hasa yule aliyemfukuza mshonaji na kumrudisha, inawashukuru majirani waliokesha nasi na kupika bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa studio na warekodi wa harusi waliofunga kazi leo, na wote walioigiza bila malipo, wakakubali kurudi nyumbani katika filamu hata wasipokuwa na mahali pa kurudi. Tusiowataja tunawashukuru pia, tunaomba wasinune, kununa kumetutosha.

Kilichobaki si cha kwenye karatasi. Mke wangu, ulinichosha. Ulinichosha kwa pini, kwa kanda, kwa chakula kilichoungua, na mwisho ukaniachia kusema mbele za watu neno ulilolishindwa mwenyewe, na nimelisema, na mimi nimekusamehe bila kusubiri hawa wawili waamue. Sasa nikifungua mlango nyumbani sina mtu wa kumkasirikia. Pumzika kwa amani.