Raba Mbili za Gari la Bi Ardis: Kumuaga Fundi Delmar Zastrow

Bwana Delmar Zastrow anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Septemba 2024, baada ya miaka arobaini na mmoja katika gereji yetu ya magari ya michezo hapa Plymouth, Wisconsin. Hii ni tarehe ya nne kutangazwa na ya kwanza kuaminika. Keki ya kumuaga imekwisha kuliwa mara tatu. Kila mara mwenyewe alikuwepo, akaongeza kipande cha pili, na Jumatatu iliyofuata akaripoti kazini saa moja kasorobo.

Aliajiriwa mwaka 1983 kama fundi wa breki. Kufikia 1990 alikuwa amejitoa katika kila sehemu ya gari isipokuwa raba za injini: vile vipande vya chuma vyenye mpira katikati, vinavyoibeba injini na kuizuia isiutikise mwili mzima wa gari. Kwa hesabu ya daftari lake amebadilisha jozi 2,316. Hakuwahi kukaza nati ya mwisho kabla injini haijawashwa na kutulia mahali pake, na wakati akiisubiri alikuwa na desturi ya kuibembeleza. Mwaka 1997 mteja mmoja aliyesimama nyuma yake alisikia, “Haya, jishushe taratibu, usiogope, nimekushika,” akadhani anaambiwa yeye, akaketi sakafuni, na hakuuliza sababu hadi alipoletewa risiti.

Uhifadhi wa raba aliufanya kuwa elimu. Mpira huharibiwa na jua, mafuta, joto, na hewa inayozunguka mota za umeme. Kwa hiyo raba zote adimu alizifunga katika karatasi ya buchani, akaziandika tarehe, akazilaza katika droo ya chini ya jokofu la wafanyakazi. Alipoelezwa kwa maandishi kwamba jokofu nalo lina mota, alijibu, pia kwa maandishi, kwamba mota hiyo iko kwa nje.

Kilichomzuia kustaafu ni gari moja. Mwaka 2019 Bi Ardis Lensink, mwalimu mstaafu wa hesabu, alileta gari lake jekundu la viti viwili, la mwaka 1966, raba zake zote mbili zikiwa zimechanika. Kiwanda kilichoziunda kilifungwa zamani. Delmar alizitoa, akazifunga, akaziweka jokofuni zisizidi kuharibika, kisha akatamka mbele ya mashahidi kwamba hataondoka hapa kabla gari hilo halijaondoka. Dawa aliijua: kuuondoa mpira wa zamani na kumimina mpya kati ya vyuma vilevile. Lakini mpira ukishaondolewa haurudi, na vyuma vikiharibika hakuna vingine. Mwaka 2021 alichonga kalibu, yaani umbo la kumiminia mpira huo. Mwaka 2022 aliipima upya. Mwaka 2023 aliipima tena, na mkewe, Bi Gladys, akapiga simu ofisini kuuliza, “Hivi huyo mume wangu mnamlipa kwa kupima?”

Julai iliyopita, kwenye chakula cha mchana cha wafanyakazi, Wendell Prigge, fundi wetu wa kuchomelea, alitumwa jokofuni kuleta soseji. Kila nyumba ya wilaya hii ina nyama ya kulungu iliyofungwa katika karatasi hiyohiyo na kuandikwa tarehe kwa kalamu ileile nyeusi. Badala ya soseji, Wendell alikuta vifurushi viwili, vizito, vya baridi, vya Novemba 2019. Kwa mujibu wa mbinu ya ukoo wa Prigge, nyama ya umri huo haifunguliwi. Alivizungushia foili pamoja na karatasi zake, akatia siagi na vitunguu, akavilaza juu ya mkaa kwa dakika arobaini.

Moshi ulikuwa mweusi. “Wendell, huyo kulungu alikuwa anavuta sigara?” aliuliza mtu wa mapokezi. “Subirini, ni mafuta tu yanayeyuka,” alijibu Wendell, akigeuza kifurushi kwa kujiamini. Delmar alisogea, akanusa mara moja tu, akaweka sahani yake chini.

“Wendell, ndugu yangu,” alisema, “umenichomea pensheni.”

Bi Ardis, aliyekuwa mgeni wetu siku hiyo, alichungulia ndani ya foili. “Vitunguu vimeiva vizuri,” alisema. “Sasa, fundi, huna tena cha kuogopa kukiharibu.”

Lilikuwa neno la haki. Jumatatu Delmar alipangusa masizi, akaviweka vyuma juu ya kioo, akapima: vilikuwa vimenyooka. Kazi ya kuuondoa mpira wa zamani, aliyoiahirisha kwa miaka mitano, ilikuwa imekamilishwa na mtu aliyekusudia chakula cha mchana. Wiki hiyohiyo walimimina mpira mpya, Wendell akishika kalibu na kukatazwa kuongea. Mmimino wa kwanza ulitoka mgumu mno. Gari lilipowashwa, miwani ya Bi Ardis ilimteremka hadi mdomoni. Wa pili ulilainishwa, ukaachwa siku saba ukomae.

Tarehe 30 Agosti injini iliwashwa, ikatulia, nati zikakazwa. Kikombe cha kahawa kiliwekwa juu ya kifuniko cha injini, na kahawa haikufanya hata kiwimbi. Delmar alikitazama dakika nzima. Kisha akaomba gari libaki wikiendi moja tu, apime tena.

Bi Ardis alikuwa amekwisha kushusha boneti, kuingia na kufunga mlango wa gari. “Miaka thelathini nimesahihisha mitihani,” alisema kupitia dirishani. “Mtoto akishapata jibu, namnyang’anya karatasi. Nenda nyumbani, Delmar.” Akaondoka kuelekea ziwani, kikombe chetu kikiwa bado chini ya boneti. Delmar alibaki barabarani akisikiliza hadi injini isisikike tena, akaingia ofisini, akaomba fomu ya kustaafu na kuijaza bila kupima chochote.

Bwana Zastrow, tunakushukuru kwa miaka arobaini na mmoja ya injini zilizotulia. Wewe na Bi Gladys tunawaombea afya, siku nyingi, na asubuhi zisizo na haraka. Karibu kututembelea wakati wowote. Pitia mlango wa wateja, na mikono iwe mifukoni.