Kazi ya Binti wa Kinyozi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu ubavuni mwa duka la simu, na kila asubuhi wenyewe wamelijaza: Spika, ambaye mdomo wake haujui likizo, Waya, fundi umeme, na Mama Kahawa na birika lake. Asubuhi hiyo Kinyozi alitokea amevaa suti. Benchi zima likamgeukia.

—Nani katutoka? akauliza Spika.

—Hajafa mtu. Binti yangu kapewa ukuu wa ubunifu kule kampuni ya simu. Leo wanampongeza, na mimi mzazi natakiwa niseme machache kuhusu kazi yake.

—Hongera, baba! akasema Mama Kahawa. Mbona sasa umekunja uso?

Kinyozi akashusha pumzi. Miaka yote amewatangazia wateja kwamba binti ni mkubwa kwenye teknolojia, na mteja aliye chini ya wembe habishi. Leo angesimama mbele ya watu wanaojua.

—Sijui anafanya nini, akanong'ona. Alipokuwa anatengeneza kompyuta, nilielewa. Akawa mkuu wa mafundi, nikaelewa. Walipoingiza huo ubunifu, nikapotea.

—Rahisi! Waya akadakia. Anabuni. Leo kitu hakipo, kesho kipo.

—Kitu gani?

—Si hakipo bado? Kingekuwepo ningekutajia!

—Usimdanganye mzee, akasema Spika. Kazi yenyewe kubahatisha. Akipatia, anapewa gari. Akikosea, anasema ulikuwa utafiti, anapewa la pili.

—Mie nimesikia ana kitufe mezani, akasema Mama Kahawa akimimina. Akikibonyeza, simu za mji mzima zinalala.

—Kumbe ndiye aliyenikatia jana!

—Jana uliishiwa salio, Waya, akasema Spika.

—Shikamooni, ikasema sauti nyuma yao. Hicho kitufe nami ndiyo kwanza nakisikia.

Alikuwa binti mwenyewe, amekuja kumchukua baba yake. Kinyozi akaona bora aibu ya benchini kuliko ya ukumbini.

—Mwanangu, hivi kazi yako hasa ni nini?

Spika akasogea, binti akakaa.

—Watu wananiletea mawazo kutwa nzima, baba. Karibu yote nayakataa. Nikikubali bovu, mafundi wangu watahangaika mwaka mzima na kitu ambacho hakuna atakayekitumia. Zuri likipatikana, nalipigania.

—Kwa hiyo unalipwa kukataa?

—Sana tu.

Kinyozi akajipiga paja.

—Si ungesema! Kazi hiyo umeianza una miaka miwili! Maziwa, hutaki. Kuoga, hutaki. Kulala ndiyo kabisa, mtaa mzima unajua!

Binti alicheka mpaka akafuta macho. Mama Kahawa akampa kikombe.

—Na unaipenda, mwanangu? akamuuliza.

Kicheko kikakatika. Binti akatazama viganja vyake kama alivyozoea utotoni akibanwa na swali, na Kinyozi akajuta kwamba swali hilo halikutoka kwake.

—Kukataa kunachosha, mama. Wengi wanatoka ofisini kwangu wamenuna. Ila lile wazo moja likifanikiwa, wote tunapiga kelele kama watoto. Hapo naipenda.

Kinyozi akasimama, akanyoosha koti, akamshika mkono.

—Twende. Hotuba ninayo.

—Baba, lile la maziwa lisifike ukumbini, tafadhali.

—Wazo lako nimelisikia, akasema Kinyozi. Nimelikataa.