Zimwi Lisiende Peponi

Mheshimiwa mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Houston, Mchungaji Majaliwa uliyefika ingawa hukupenda tukutane, wazee wetu, ndugu wageni mliotoka Dallas na Mansfield mkapambana na foleni, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na bisi: habari za jioni.

Mimi ni Avelina, muuguzi, mama yake Angel. Nimeombwa kuifungua filamu hii ya katuni ya Kijapani, ya zamani na ya kutisha, ambayo vijana wetu, kwa idhini ya wenyewe, wameitia sauti za Kiswahili. Ni filamu ya mashetani. Nalisema wazi ili asiyependa asije akadai nilimtega.

Mnajua yaliyotokea. Mara ya kwanza tuliijaribisha katika ukumbi wa kanisa. Mtawa wa Kijapani alipoinua upanga na kulikemea zimwi, "Toka! Rudi peponi!", akina mama wakaitikia, "Amina!" Mzee Mwita akasimama, kofia mkononi: "Yaani hili lililokula watu liende peponi, na mimi ninayetoa sadaka kila Jumapili bado nasubiri?" Mtafsiri wetu Shem, Mkenya wa watu, aliwaza nchi ya mapepo, sisi tukasikia pepo ya Mungu. Kufumba na kufumbua, mtaa wetu mzima wa Alief ukaambiwa vijana wetu wanahubiri kwamba shetani ataokoka. Ukumbi tukanyimwa.

Mchungaji, ulinishauri nimtoe Angel kwenye kazi hii. Nakuheshimu, na nitaendelea kukuheshimu. Lakini nakuuliza mbele ya watu: kwa mahubiri yote, kwa sherehe zote, kwa kelele zetu zote za "watoto wanapotea", ni nani kati yetu aliyefaulu kumfanya binti huyu aseme Kiswahili? Miaka yote nilipomwita alijibu, "Yeah, Mom", kwa adabu zote, kisha mlango ukafungwa. Ni zimwi hili lililomleta jikoni kwangu kuuliza, "Mama, mtu akiwa na hasira sana lakini pia ana huzuni, anasemaje?" Nililia palepale, nikasingizia vitunguu.

Neno lile tumelisahihisha. Sasa zimwi linaambiwa, "Rudi kuzimu!", na Mzee Mwita ameridhika. Jingine hatubadilishi. Filamu itaonyeshwa leo, hapa, mpaka mwisho, na sauti ya zimwi ni ya mwanangu. Mwenye kuogopa, mlango uko wazi na sitamnunia. Mwenye macho haambiwi tazama, ndiyo, lakini mimi nawaambia: tazameni.

Tena sikilizeni. Zimwi likipigwa upanga litapiga ukelele, "Mawe!" Shem ameniapia kwamba neno hilo halimo katika tafsiri yake. Mtakaodhani linaomba mawe, msihangaike kuyatafuta. Ni Kihaya chetu cha Bukoba. Ndivyo anavyolia mtu aliyeumia, akimwita mama yake. Angel sikumfundisha. Alilisikia kwangu, siku tuliyopigiwa simu kwamba bibi yake amefariki, nami nilidhani yuko chumbani kwake, mlango umefungwa, hasikii.

Kwa kunitegea masikio, nawashukuru sana. Zimeni taa.