Nusu ya Sheria ya Babu

TÉLESPHORE: Haloo? Nani anaongea?

HAMOUD: Hamoud, wa duka ya Buyenzi. Unanibipu mara tatu, halafu unauliza nani? Mutu anakopa pesa yangu ya kuleta chumvi toka Kigoma, na inite, salio ya kunipigia, hana!

TÉLESPHORE: Shikamoo, mzee wangu. Bon... habari si nzuri. Boti—

HAMOUD: Sema basi.

TÉLESPHORE: Imezama. Jana. Upepo, mzee! Magunia yote ya chumvi—

HAMOUD: Imeyeyuka.

TÉLESPHORE: Yote! Na ile [mtandao unakwaruza] ...ile sheria ya babu yako, si ulinieleza mwenyewe?

HAMOUD: Tangu Ujiji tunaishika. Boti ikifika, unarudisha pesa na faida. Ikizama, deni inakufa, sikudai hata faranga moja.

TÉLESPHORE: Aksanti, mzee! Mungu akubari—

HAMOUD: Ngoja. Na nahodha wako, Idi?

TÉLESPHORE: Amekufa, mzee. Masikini Idi.

HAMOUD: Bibi yake anajua?

TÉLESPHORE: Nimetoka kwake Kibenga asubuhi hii. Amelia sana. Hata mi nimelia.

HAMOUD: We. Umelia.

TÉLESPHORE: Haki ya Mungu!

HAMOUD: Na chumvi umeshushia wapi? Rumonge?

TÉLESPHORE: Mzee? Sisikii vizuri, rezo inakatakata—

HAMOUD: Rezo iko sawa! Mujinga we, ulishika nusu ya sheria, ile ya kukufaa. Nusu ingine inasema nahodha akifika salama anaanza kwa mwenye pesa, mbele hata ya kwenda kwake. Idi iko hapa dukani, anakunywa chai yangu. Nimekuweka kwa oparleri, anakusikia.

IDI: Télesphore.

TÉLESPHORE: Idi... si nilikuambia ubaki Rumonge siku mbili!

IDI: Nimekuja kusalimia mwenye pesa, kama kawaida. Simu yangu ilizimika juzi. Bibi yangu Kaltum ana mimba ya miezi nane. Umeenda kumuambia nini?

TÉLESPHORE: Ndugu yangu, ilikuwa ya siku mbili tu, ningekueleza—

HAMOUD: Siku mbili! Mwizi wa kuvunja duka ningemuheshimu kidogo. We unaua mutu kwa mudomo, ukwepe deni. Ptuu!

TÉLESPHORE: Mzee, nitalipa yote! Leo leo, na faida—

HAMOUD: Utalipa. Lakini kata simu sasa. Inite zimebaki kidogo, Idi anapigia bibi yake.