Unga Nyeupe ya Tshiamala

Benchi ya mama Agnès, kwenye njia ya gare ya Kolwezi, haikukosa kahawa wala ubishi. Mwaka huo Wakasai walikuwa wanafukuzwa Katanga, na familia nzima zililala gare zikingoja treni. Asubuhi hiyo Omer alikaa hapo na kikombe chake. Yalikuwa majuma mawili tu tangu apewe kazi ya Tshiamala, Mkasai aliyefukuzwa, ya kulisha ng'ombe wa kampuni mahindi, na tayari sita walikuwa wamekufa, matumbo yamevimba.

— Ni bulozi, akasema Stany, waliyemwita Docta kwa kuwa aliwahi kufagia hospitali. Tshiamala alizika kitu ku mulango ya lupango ya ngombe.

— Eh, we! akajibu tata Mbuyu, Ministre, yaani waziri wa benchi. Ile ngombe iko mu grève. Inakataa kutumikia Bakatanga!

— Usicheke, Ministre. Twende ku gare, Tshiamala iko kule anangoja treni. Tutamupiga mpaka aonyeshe fashi, pale alizika.

Stany akashika fimbo. Omer akaweka kikombe chini. Siku ya kuachiana kazi, Tshiamala alimweleza vizuri: mu tumbo ya ngombe muko bidudu bidogo, macho haibione, njo binasaga chakula. Ukimupa mahindi mingi, bile bikali binazidi, tumbo inachacha, inavimba. Ile unga nyeupe nakuachia njo inabizuia. Kopo moja mu kila sac ya mahindi, usisahau.

Omer aliitikia. Mgongo wa Tshiamala ulipogeuka tu, akajiambia: mtu anayefukuzwa, ataniachia dawa nzuri kweli? Akamwaga unga wote mtaroni.

— Jambo yenu, ba tata.

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa amesimama mbele yao. Omer akamtambua: Elise, mke wa Tshiamala.

— Treni iko karibu kuondoka. Bwana yangu halale, anawaza ile ngombe. Anauliza tu: ile unga, munabapatiaka?

Stany akamtazama Ministre, Ministre akamtazama mama Agnès. Unga gani? Hakuna aliyejua. Omer akaona aibu, lakini fimbo ya kumpiga Tshiamala bado ilikuwa mkononi mwa Stany.

— Nilimwanga yote, mama. Nilizani ni sumu. Tshiamala hakuzika kitu. Ni mi nilibaua, ile ngombe sita.

Stany akaweka fimbo chini. Elise akambembeleza mtoto mgongoni.

— Bwana yangu alisema, kama unga iliisha, mubarudishe ku majani kwanza. Mahindi, kidogo kidogo.

Akageuka, akaenda kupanda treni.