Dada Yetu Aliyeambiwa "Tupa"

Dada yetu, mtoto wa kwanza wa mama mshonaji na marehemu baba mlinzi wa shule, alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Machi 1969. Tangu utotoni alikuwa na mkono mwepesi. Akiwa na miaka saba alilibandua yai bichi ganda lote, likabaki zima ndani ya utando wake. Mama hakujua amgombeze au ampigie makofi, akampigia makofi.

Alimaliza sekondari mwaka 1987, akapata stashahada ya ufundi wa maabara mwaka 1990, kisha akaajiriwa chuoni, kwenye maabara ya Profesa. Tunamshukuru Profesa kwa kufika na kukaa mstari wa mbele. Tunamwona vizuri.

Kazi ya dada ilikuwa kusaga ini la panya polepole na kutenga mitokondria, vile viwanda vidogo vinavyoipa seli nguvu. Juni 1993 aliona kwamba seli iliyoamriwa kufa huanzia humo: mitokondria humwaga protini nje, na protini hiyo huamsha vimeng'enya vinavyoivunja seli kwa utaratibu. Profesa alicheka. "Umesaga kwa nguvu, mama. Umezipasua mwenyewe." Dada alirudia mara kumi na moja, jibu likawa lile lile. Miezi kumi na minne baadaye Profesa alitangaza ugunduzi "wake" kwa picha za dada, wala hakumtaja hata kwenye shukrani. Roho zinatuuma mpaka leo.

Tarehe 16 Desemba 1995 aliolewa na fundi wa majokofu, aliyekuja kutengeneza friji ya maabara akarudi mara nne ilhali imeshapona. Walijaliwa binti mmoja. Shemeji alimsihi aseme. "Nikisema leo nakosa kazi," alijibu. "Siku yake inakuja."

Februari 2019 aligundulika ana saratani ya ini, yaani seli zinazokataa kufa zamu yao ikifika. "Hizi zangu zimeziba masikio," alimtania binti yake. Alifariki Alhamisi, tarehe 10 Oktoba, baada ya kumkabidhi mdogo wake, anayesoma wasifu huu, daftari lake la kazi.

Kila Ijumaa Profesa alikagua na kusaini madaftari ya mafundi. Tafadhali fungueni ukurasa wa mwisho wa ratiba. Hapo tumechapa ukurasa wa daftari lake, wa Ijumaa tarehe 11 Juni 1993. Chini ya matokeo ya dada, kwa wino wa kijani: "Sampuli imechafuka. Tupa." Na saini. Chuo na jarida lililomchapisha vilipata nakala jana.

Ameacha mama, mume, binti, wadogo wawili, na daftari hilo.

Yeye apumzike kwa amani. Profesa asipumzike.